Denis Mukwege: Daktari wa upasuaji aliyeomba kura

Njia ya zamani ya misafara iliyotoka hapa Bagamoyo ilipita Tabora hadi Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ikaingia nchi ya Wamanyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Kiswahili kilisafiri na njia hiyo, na ndiyo maana ukifika Bukavu, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, utaelewana na watu, ingawa Kiswahili chao kina ladha yake. Katika mji huo alizaliwa Dk. Denis Mukwege tarehe 1 Machi 1955. Jina lake hutajwa kwenye taarifa za habari kwa sekunde chache tu, kwa hiyo hapa tunamweleza kwa nafasi zaidi.

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Denis akiwa mtoto alifuatana naye kwenda kuwaombea wagonjwa, akajiuliza kwa nini baba anaomba lakini hatoi dawa. Akaamua kuwa yeye ndiye atakayetoa dawa. Alisomea udaktari Bujumbura, Burundi, akamaliza mwaka 1983, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani kusini mwa Bukavu.

Huko Lemera aliona wanawake wakifika wamechelewa, wengine wamebebwa kwa siku nzima, uchungu ukiwa umewashika bila mtoto kutoka. Waliopona kifo wengi walibaki na fistula. Tuieleze, maana hata huku pwani ipo na watu huionea haya. Mtoto akikwama muda mrefu, kichwa chake hukandamiza nyama za ndani za mama mpaka zinakosa damu na kufa. Linabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, wakati mwingine hadi kwenye njia ya haja kubwa, na mkojo au kinyesi hutoka wenyewe usiku na mchana. Si laana wala si uchawi. Hutibiwa kwa upasuaji, na kwa Tanzania hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo. Ilifika hadi kutuma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa wa mbali asikwamishwe na pesa ya basi. Mwenye tatizo hili aanze kuulizia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye.

Mukwege alikwenda Ufaransa, mji wa Angers, kusomea upasuaji wa magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Angeweza kubaki Ulaya. Oktoba 1996 vita vilifika hospitalini hapo. Wagonjwa waliuawa vitandani pamoja na wauguzi, na hospitali ikaharibiwa. Mukwege hakuwepo siku hiyo.

Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia iwe ya wajawazito. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa amebakwa na watu wenye silaha na kupigwa risasi sehemu za siri. Wakafuata wengine, na miaka ilivyokwenda wakafika makumi ya maelfu. Ubakaji ulikuwa umegeuzwa silaha ya vita, ya kuvunja vijiji na kufukuza watu kwenye ardhi yao, katika eneo lenye madini. Daktari akajikuta anamtibu mama, kisha miaka mingine anamtibu binti ya mama yule yule. Tunadhani hapo ndipo mwanaharakati alipozaliwa. Kushona peke yake hakukuwa kunamaliza kitu.

Akaanza kusema, na kusema kulikuwa na gharama. Septemba 2012 alihutubia Umoja wa Mataifa, New York, akalaumu serikali yake na mataifa mengine kwa kunyamaza. Mwezi uliofuata watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa, yeye akanusurika, akakimbilia Ulaya na familia yake.

Waliomrudisha ni wanawake. Wakulima wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, watu wasio na kitu, waliuza mananasi na vitunguu wakachanga fedha za tiketi yake ya ndege. Januari 2013 akarudi, watu wakajaa barabarani kumpokea. Kwa miaka iliyofuata aliishi na kufanya kazi chini ya ulinzi.

Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi kutoka Iraki. Katika hotuba yake Oslo alidai haki itendeke kwa makosa yaliyoorodheshwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, inayohusu mauaji na ubakaji nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Anadai hivyo hadi leo.

Oktoba 2023 alitangaza kugombea urais. Uchaguzi ulifanyika Desemba 20. Matokeo rasmi yalimpa Félix Tshisekedi ushindi kwa takriban asilimia 73, na Mukwege chini ya asilimia 1. Pamoja na wapinzani wengine alisema uchaguzi ulivurugwa, lakini mahakama ya katiba iliyathibitisha matokeo. Hata hivyo, hesabu za siasa ni ngumu kwa mtu wa namna yake: Kongo ni nchi kubwa mno, kampeni hutaka ndege, fedha na mtandao wa chama katika kila jimbo, na mtu anayesifiwa Oslo anaweza asijulikane kijijini kilicho kilomita 1,500 kutoka Bukavu.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Hospitali ya Panzi iliendelea kupokea wagonjwa.