Mtu wa Rabai Aliyemshika Mkono Rebmann

Jamani, sisi wa Rabai tunapenda kujisifu kwa habari za wamishonari. Krapf na Rebmann walianzisha misheni hapa mwaka 1846, nyumba zao zipo hadi leo, na wageni huja kuzitazama. Sawa. Lakini kuna habari moja hatuisimulii vya kutosha, na mimi naona ndiyo inayotufaa zaidi sisi vijana tunaosaka kazi.

Johannes Rebmann, yule yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alipoteza macho akiwa kazini hapa hapa kwetu. Kufikia miaka ya 1870 alikuwa karibu kipofu. Na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuandika kamusi: maneno ya Kirabai, ya Kiswahili, hata ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa. Hiyo ni kazi ya macho! Hata hivyo alibaki mpaka mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani. Safari ya kurudi hakuifunga peke yake. Isaac Nyondo, mtu wa hapa, ndiye aliyemwongoza mpaka Ulaya. Rebmann alifariki mwaka 1876, na ile kamusi ya lugha ya Nyasa ikachapishwa mwaka 1877.

Tukimtaja Rebmann, tumtaje na Nyondo. Elimu ya Rebmann haikupotea pamoja na macho yake. Alichokosa ni njia ya kuona, na mtu akawa njia hiyo.

Sheria zilichelewa kulielewa hilo. Uingereza, waliokuwa wakitutawala, walipitisha sheria mwaka 1944: mwajiri wa watu 20 na zaidi aajiri asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Nzuri, sivyo? Lakini kazi walizotengewa hasa zilikuwa mbili: kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Yaani mtu hata aje na ujuzi gani, anaonyeshwa lifti. Ni sheria ya mwaka 1995 iliyomwambia mwajiri airekebishe kazi yenyewe.

Kenya tulipata yetu mwaka 2003. Ilimtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kazini, na ikampa nafuu ya kodi kwa gharama hizo. Sheria mpya ya mwaka 2025 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 na zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi. Kwa karatasi tuko vizuri.

Shida iko kwenye kupima. Leo unaenda hospitali ya serikali, unapimwa, fomu inajazwa, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu linakusajili, unapata kadi. Mwili wako umepimwa. Je, kazi imepimwa na nani?

Nina rafiki yangu, miguu yake ina ulemavu. Kadi anayo, diploma ya uhasibu anayo. Ofisi moja ilimwita kwa intavyuu ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Alipofika juu akitweta, swali la kwanza: "Kazi utaiweza?" Uhasibu, jamani, watu huufanya wamekaa! Kilichomshinda pale ni ngazi, na ngazi si sehemu ya uhasibu. Meza ingeshushwa chini, mambo yakaisha.

Kwa hiyo tathmini ya kweli ianzie kwenye kazi: inahitaji nini hasa, ni kipi kinachomzuia huyu mtu, na kipi kinaweza kubadilishwa. Halafu aulizwe mwenyewe, maana anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake, sembuse mwenye mwili! Mara nyingi jibu ni dogo: meza ya chini, programu ya kusoma kwa sauti, saa za kuingia zisogezwe, au mwenzako mmoja wa kukusaidia.

Rabai ilishaona jambo hili likiwezekana kabla ya sheria zote hizo. Waajiri wa Kilifi na Mombasa wana sheria, wana nafuu ya kodi, wana kompyuta. Sasa wanangoja nini?