Mwanga wa kuparaza

Mwanga wa kuparaza ni mwanga unaoufikia uso wa kitu ukiwa umelala, karibu sambamba na uso wenyewe. Anayetaka kupiga picha ya makunyanzi ya gome la mbuyu, viwimbi vya mchanga au ukuta wa matumbawe anauhitaji mwanga huu kabla ya kufikiria lenzi.

Siri yake ni kivuli. Kinundu chenye kimo cha sentimita 1, kikipigwa na jua kwa pembe ya nyuzi 45, hutupa kivuli cha sentimita 1. Pembe ikishuka hadi nyuzi 10, kivuli hupita sentimita 5, na vipele visivyoonekana hujitokeza. Tochi ya simu, kwa kuwa imekaa jirani na lenzi, huvificha vivuli hivyo nyuma ya vinundu vyenyewe, na ukuta uliochakaa hutoka bapa kama karatasi.

Wahifadhi wa michoro huutumia mwanga huu kukagua nyufa za rangi. Wanaakiolojia huutumia kusoma maandishi yaliyofutika juu ya mawe. Wafaransa na Wajerumani wameupa majina yanayotokana na kupita kwa kugusa. Kiswahili nacho kina kitenzi chake: risasi ikigusa ngozi bila kuingia, imemparaza mtu. Ndiyo sababu napendekeza jina hili badala ya “mwanga wa ubavuni”. Ubavu ni wa mpiga picha au wa kamera, ilhali pembe inayohusika hapa ni ile iliyo kati ya mwanga na uso wa kitu.

Tofauti hiyo inabadilisha saa ya kazi. Wapiga picha wengi hulikimbia jua la saa sita mchana. Lakini katika Mji Mkongwe wa Lamu, mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la saa hiyo huwa karibu na utosi na huteremka likiparaza kuta zilizosimama. Kila alama ya mwiko kwenye lipu ya chokaa huonekana, na vichochoro vyembamba hupata jua ambalo asubuhi huzibwa na nyumba. Saa hiyohiyo mchanga wa ufuko wa Shela, ulio jirani, hauna kivuli; wenyewe unataka jua la saa moja asubuhi.

Basi kabla ya kuchagua saa, tazama uso umelala au umesimama. Uliolala usubiri jua la chini. Uliosimama, usiogope jua la utosini.