Inagonga au imenoki?

Pikapu ya zamani ya dizeli ikiletwa gereji Nachingwea msimu wa korosho, swali huja kabla ya spana: inagonga, au imenoki?

"Kunoki" limetoholewa kutoka Kiingereza, na huko maana yake ni kugonga tu. Gereji zetu zimeyagawia maneno haya kazi, tena kwa akili. Injini inayogonga bado ina uhai; huenda gari likafika Ruangwa na magunia yake. Iliyonoki ndiyo basi tena: beringi za konrodi zimesagika au injini imekwama, na dereva anatafuta wa kumvuta. Ndiyo maana la kwanza hupenda "-na-" na la pili "-me-".

 

Injini ikigonga, kelele nyembamba ya juu, tek-tek-tek, mara nyingi ni tapeti. Mlio mzito wa chini, unaozidi gari likipanda mlima na mzigo, ndio wa kuogopwa. Fundi huacha injini ikiunguruma, akalegeza nati ya bomba la nozo ya kwanza, dizeli ikachuruzika huku ametega sikio. Anakaza, anahamia ya pili. Kelele ikipungua, ubovu uko kwenye silinda ya nozo hiyo.

Na si lazima iwe beringi. Nozo mbovu nayo hugonga, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kufungua injini nzima.