Ndege zilizojengwa nyumbani: historia ya makosa na namna mafundi walivyoyarekebisha

Huku Mashariki ya Kongo tunazijua ndege. Zinaleta chakula na dawa mahali barabara imekufa. Lakini je, munajua kwamba kuna watu wanaojenga ndege nyumbani, katika chumba cha kuwekea gari, kisha wanapanda wenyewe na kuruka? Jambo hilo lina historia ya zaidi ya miaka 100. Mafundi hao wote walikosea mahali fulani. Swali ni nini walifanya baada ya kuona kosa.

Tuanzie Ufaransa. Henri Mignet hakuwa rubani wa jeshi wala mhandisi wa kiwanda cha ndege. Alikuwa mtu wa mambo ya umeme na redio, na alipenda kuruka. Ndege zake za kwanza zilimshinda. Lakini tarehe 10 Septemba 1933 aliruka na ndege ndogo aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Ilikuwa ya mbao, triplex na kitambaa, yenye mabawa mawili, moja mbele na lingine nyuma, upana wa mita 6 hivi. Injini yake ilikuwa ndogo, ya nguvu za farasi 17 tu.

Mwaka 1934 akatoa kitabu chenye michoro yote. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mtu anayeweza kugongomea sanduku anaweza kujenga ndege. Watu wengi walimwamini. Mwezi wa Agosti 1935 Mignet mwenyewe alivuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza na ndege hiyo, na huko pia wafanyakazi wa kawaida wakaanza kupiga randa na kupaka gundi usiku baada ya kazi.

Kisha vifo vikaanza. Kati ya 1935 na 1936 marubani kadhaa walikufa Ufaransa na Uingereza. Namna ya kuanguka ilifanana: ndege inainamisha pua, rubani anavuta usukani ili aiinue, nayo inazidi kuinama mpaka inajipiga chini. Wengine walisema kosa ni la mafundi wa nyumbani: gundi mbaya, mbao mbaya, mikono isiyozoea. Lakini mwezi wa Mei 1936, Uingereza ilipoteza marubani wawili wenye uzoefu ndani ya mwezi mmoja. Neno la kulaumu mafundi peke yao halikutosha tena.

Hapo ndipo kazi ya kweli ya kutafuta kosa ilianza. Ufaransa, kule Chalais-Meudon, na Uingereza, kule Farnborough, ndege hiyo iliwekwa ndani ya handaki kubwa ambamo mashine inapuliza upepo wa nguvu, ili wataalamu wapime namna hewa inavyoisukuma. Wakaona kwamba kosa lilikuwa ndani ya mchoro wenyewe. Bawa la mbele na la nyuma yalikaribiana mno. Rubani alipovuta usukani, hewa iliyopita katika nafasi ile nyembamba iliongeza nguvu ya kuinua bawa la nyuma. Kwa hiyo mkia ulipanda na pua ikazidi kushuka. Pua ikiinama kupita digrii 15 hivi, hakukuwa tena na njia ya kuirudisha.

Fikiria maana yake. Fundi aliyefuata kitabu neno kwa neno, bila kukosea msumari hata mmoja, alikuwa amejenga kosa la mtu mwingine. Serikali zikaweka vizuizi, na wengi wakaacha ndege zao zioze. Mignet alirekebisha mpangilio wa mabawa na kuendelea kuchora ndege nyingine mpaka kifo chake mwaka 1965. Ndege za ukoo huo, zilizorekebishwa, zinaruka Ufaransa hata leo. Kosa lilipopimwa na kutajwa wazi, wazo lenyewe liliokoka.

Kosa la pili ni la mkono. Baada ya vita kuu ya pili, kazi hii ilipata mpangilio. Mwezi wa Januari 1953, Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha wajenzi wa ndege huko Milwaukee, Marekani. Kidogo kidogo viwanda vikaanza kuuza ndege kwa vipande: unapokea masanduku ya mabati ya alumini, maelfu ya riveti na kitabu cha maelezo. Sheria ya Marekani inataka mjenzi asiye wa kiwanda awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi, na ndege inaandikwa kuwa ya majaribio.

Katika maelfu ya riveti, zingine lazima zipinde. Dawa yake inajulikana. Unatoboa kichwa cha riveti taratibu kwa keekee, bila kufika kwenye bati, unakivunja, kisha unasukuma mwili wake utoke. Tundu likiwa limepanuka, unatia riveti nene zaidi, mradi tundu lisiwe karibu mno na ukingo wa bati. Kanuni ya kawaida ni kwamba kutoka katikati ya tundu mpaka ukingoni, nafasi isipungue mara mbili ya unene wa riveti. Ikipungua, kipande kinatupwa, hata kama kilichukua juma nzima. Mkwaruzo kwenye alumini unasuguliwa kwa msasa mpaka uwe laini, kwa sababu ufa huanzia hapo. Na mafundi wazee huwaonya vijana: riveti iliyopinda kidogo tu, mara nyingine iache, maana kuing'oa kunaweza kuharibu zaidi.

Kwa mbao, fundi anaunganisha vipande viwili vidogo kwa gundi ileile, ile tunayoita kole, siku ileile, kisha anavivunja. Mbao ikipasuka na gundi ikabaki, kazi ni nzuri. Gundi ikiachia, kiungo kilichofanywa siku ile hakiaminiki.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni jicho la mtu mwingine. Wajenzi walijizoeza kumwita fundi mwenzao aangalie ndani ya bawa kabla halijafungwa. Bawa likishafungwa, kosa halionekani tena mpaka siku linapojitaja lenyewe angani.

Na kosa la kiwanda halikuisha na Mignet. Mwaka 2023, kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani, ambayo ndege zake zaidi ya 11,000 zimeruka, ilikiri kwamba matundu ya baadhi ya vipande yaliyokatwa kwa leza yalikuwa yakianza nyufa yalipokandamizwa ili kupokea vichwa vya riveti. Waligundua kwa sababu wajenzi waliona nyufa nyumbani mwao na wakasema. Vipande vilipimwa, vingine vikabadilishwa kwa gharama kubwa, na Desemba mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa ajili ya madeni yake. Mwaka 2024 ilitoka humo na kuendelea na kazi.

Huku kwetu, fundi wa chukudu akikosea ekseli, chukudu inakwama njiani na mzigo unamwagika. Fundi wa mtumbwi akiacha ufa, maji ya Kivu yanamwonyesha. Ndege haina pembeni pa kusimama. Ndiyo maana wale wajenzi walijifunza kulitaja kosa likiwa bado mezani, mbele ya wenzao, hata kama kulirekebisha kunawarudisha nyuma miezi. Marubani wa 1935 na 1936 hawakupata nafasi hiyo, kwa kuwa walipanda kabla mtu yeyote hajapima mchoro.