Holly Warlick: Miaka 27 katika Kiti cha Pili

Ukiuliza habari za mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vya Marekani, jina la kwanza utakaloambiwa huenda likawa la Pat Summitt, kocha wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliyeshinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Ni haki yake. Lakini mimi nimevutiwa zaidi na mtu aliyeketi kando yake kwenye benchi. Huku kwetu Uganda, katika timu za netiboli za shule, mara nyingi kocha msaidizi ndiye anayejua nani ana goti bovu na nani hakula asubuhi. Picha ya kombe ikipigwa, yeye ndiye anayeshika mikoba.

Holly Warlick alizaliwa mwaka 1958 mjini Knoxville, mji ule ule chuo kilipo. Aliingia chuoni mwaka 1976 kwa ufadhili wa riadha, wala si wa mpira wa kikapu. Mwaka 1972 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na michezo ya wasichana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupewa fedha. Summitt mwenyewe alipoanza kazi mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa akiendesha gari la timu na kufua jezi. Warlick alijaribu bahati yake uwanjani, akawa mchezaji wa kuongoza mashambulizi, na alipomaliza kuichezea timu ya chuo mwaka 1980 jezi yake namba 22 ilistaafishwa. Hakuna mchezaji wa Tennessee, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake.

Mwaka huo huo aliteuliwa katika timu ya Olimpiki, lakini Marekani ikasusia michezo ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Kenya nayo ilisusia. Tanzania ilikwenda, na Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakarudi na medali za fedha. Uganda yetu ikapata fedha ya ndondi kupitia John Mugabi. Huwa nafikiri juu ya jambo hili: Mugabi alipata nafasi ambayo Warlick, raia wa taifa tajiri kuliko letu, alinyimwa na siasa za wakubwa.

Akacheza kidogo ligi ya kulipwa, ambayo ilikufa mwaka 1981, kisha akawa msaidizi Virginia Tech na baadaye Nebraska. Mwaka 1985 Summitt alimwita nyumbani.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Kocha msaidizi wa chuo husafiri kutafuta wasichana wenye kipaji, huketi sebuleni na wazazi wao akiwaahidi kwamba binti atasoma, hutazama kanda za wapinzani hadi usiku, na huwafundisha walinzi mmoja mmoja. Summitt alikuwa mkali, na jicho lake liliogopwa. Katika nyumba yenye mama mkali, lazima awepo shangazi wa kumwendea. Katika miaka ya Warlick kama msaidizi ndipo vilipopatikana vikombe vyote 8: 1987, 1989, 1991, 1996, 1997, 1998, 2007 na 2008. Msimu wa 1997–98 walicheza mechi 39 bila kupoteza hata moja.

Agosti 2011, Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa aina ya Alzheimer. Alikuwa na miaka 59. Msimu uliofuata alibaki na cheo chake, lakini kazi nyingi za kila siku zilimwangukia Warlick: kuzungumza na waandishi, kuita wachezaji wakati wa mapumziko, kuamua nani aingie. Kwangu mimi huo ndio msimu mgumu kuliko yote katika maisha yake ya kazi. Aliongoza timu huku mwenye timu ameketi hapo hapo, na ilimpasa afanye hivyo bila kumvunjia heshima. Walifika robo fainali ya taifa wakafungwa na Baylor, timu ambayo haikufungwa na yeyote mwaka ule. Tarehe 18 Aprili 2012 akatangazwa kuwa kocha mkuu.

Alidumu misimu 7. Alishinda mechi 172 na kupoteza 67, yaani zaidi kidogo ya 7 kati ya kila 10. Summitt alikuwa ameshinda zaidi ya 8 kati ya 10. Alifika robo fainali mara 3, nusu fainali hata mara moja. Mwaka 2018 Tennessee ilifungwa nyumbani katika mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Machi 2019, baada ya kutolewa raundi ya kwanza, aliachishwa kazi. Sisemi alionewa, matokeo yalikuwa yakishuka kweli. Ila chuo kingine kingeyaita matokeo hayo mafanikio.

Nafasi yake ilichukuliwa na Kellie Harper, mmoja wa wachezaji wa ubingwa wa 1996, 1997 na 1998, aliyefundishwa na Summitt na Warlick. Naye aliachishwa mwaka 2024.