Jina Ambalo ni Sentensi: Warundi na Majina Yao, Gitega hadi Kobero

Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam huingia Burundi kwa kupitia Kobero, upande wa Muyinga. Ng'ambo ya mpaka ni Kabanga, wilayani Ngara. Hapo watu hujaza fomu, na fomu zina nafasi ya jina la ukoo ambayo humkwaza Mrundi. Ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, wanaweza kuandika Nsabimana, Ndayizeye na Minani. Karani mgeni atashuku kwamba undugu ni wa kubuni. Sivyo. Kwa desturi ya Warundi jina halirithiwi. Kila mtoto hupewa lake, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa Kirundi ni ndugu wa damu. Jina kwao ni izina. Kurera ni kulea, hivyo Harerimana ni "Mungu ndiye aleaye". Niyonkuru ni "ndiyo iliyo kuu". Nsabimana ni "namwomba Mungu". Ntakirutimana ni "hakuna kimzidicho Mungu". Havyarimana, "Mungu ndiye azaaye", ukivuka kwenda Rwanda hugeuka Habyarimana, kwa tofauti ya herufi moja inayokuambia mwenye jina katoka upande upi.

Kinachonivutia zaidi ni pale ambapo Mungu hatajwi kabisa. Imana, yaani Mungu kwa Kirundi, kisarufi imo katika ngeli moja na ngoma na nyumba, basi kiambishi chake ni i- au -yi-. Sikiliza Iradukunda: "inatupenda". Nani inatupenda? Mtajwa amejificha katika irabu ya kwanza, na kila Mrundi anamjua. Vivyo hivyo Ndayishimiye, jina la Rais Évariste Ndayishimiye aliyeingia madarakani 2020: "naishukuru". Silabi moja, -yi-, imebeba dua nzima. Ukiitafsiri kwa Kiswahili lazima umtaje Mungu waziwazi, na kwa kumtaja unapoteza ile siri ya nyumbani. Aliyemtangulia, Pierre Nkurunziza, hahitaji mkalimani: ni habari njema.

Ndizeye ni "natumaini". Ongeza ile silabi, upate Ndayizeye, "naitumainia", jina la Domitien Ndayizeye aliyeongoza nchi 2003 hadi 2005. Lakini Ndizeye lilikuwa pia jina la kuzaliwa la mfalme wa mwisho. Wafalme wa Burundi walikuwa na majina mawili: lile la utotoni, na lile la kiti cha enzi lililokuja kwa zamu katika mzunguko wa manne, Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Ntare ni simba. Mwezi ni mwezi uleule tunaoutazama sisi. Gisabo alitawala kama Mwezi wa Nne hadi alipofariki mwaka 1908. Bangiricenge akawa Mwambutsa wa Nne mwaka 1915, angali mtoto mdogo. Kijana Charles Ndizeye akawa Ntare wa Tano mwaka 1966, akapinduliwa mwaka huohuo, na mwaka 1972 akauawa Gitega. Mzunguko ukakatika naye. Hata ngoma za kifalme zilikuwa na majina: kule Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, Ruciteme na Murimirwa zinaitwa kama watu waitwavyo.

Si majina yote ni shukrani. Philippe Ntahombaye, aliyeandika kitabu kizima juu ya majina ya Warundi kilichochapwa Paris mwaka 1983, alionyesha jinsi jina linavyoweza kuwa barua kwa jirani. Mzazi mwenye ugomvi na wenzake hakuwa na haja ya kupiga kelele. Alimpa mtoto jina, na kila alipomwita mlimani ujumbe ulifika. Chifu maarufu wa enzi ya Wabelgiji, Pierre Baranyanka, alibeba jina lisemalo "wananichukia". Rurihose ni "kipo kila mahali", na kinachosemwa ni kifo. Sioni kinyongo tu katika majina haya. Naona watu waliozika watoto wengi na kukataa kunyamaza.

Wamisionari wa Afrika walifungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka uliofuata, na ubatizo ukaleta kina Pierre na Domitien. Katika nchi jirani ya Rwanda wamisionari walianza kwa kutumia katika sala neno letu la Kiswahili, Mungu, kwa kuihofia Imana ya wenyeji. Majina ya watoto hayakufuata hofu hiyo.

Mengine ni hesabu tu: Nyandwi wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi, kama sisi tulivyo na akina Pili na Tatu. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Sasa vuka Kabanga, endelea hadi Usukumani: Kulwa, Doto, na anayewafuata Shija. Yatamke yote sita kwa sauti. Mpaka wa Kobero haukuwahi kupita katikati ya mapacha.

Kwingine umepita. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 waliotokana na wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na desturi ya Tanzania ni majina matatu: lako, la baba, la babu. Ubelgiji na Kanada nako jina la baba hugeuka la familia. Hapo sentensi aliyoisema mzee siku moja, kwa sababu moja, humshukia mjukuu ambaye haikumhusu, na binti wa Brussels hujikuta akiitwa kwa ugomvi wa mlima asioujua. Wazazi wengine huacha jina la baba likae kwenye pasipoti, kisha humtafutia mtoto la kwake, fupi, ambalo hata mwalimu wa kigeni ataweza kulitamka. Keza, "mzuri". Au Irakoze, "imetenda", ile i- ikiwa palepale mwanzoni.