Floridi: Rafiki kwa Kipimo

Wazazi wengi huuliza: je, dawa ya floridi anayopakwa mtoto menoni haitaingia mwilini ikamdhuru? Ili tujibu vema, tutazame kwanza historia yake.

Mwaka 1901 daktari wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani. Akawakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia menoni. Alichunguza miaka mingi, akaona mambo mawili: mtu aliyehamia pale akiwa mzima hapati madoa, tena meno yenye madoa hayaozi upesi. Alishuku maji, ila vipimo vya siku zile havikuonyesha kitu. Hata mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akayapima maji ya Bauxite, jimbo la Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale. Akakuta floridi, miligramu 13.7 katika lita moja.

Ndipo daktari mwingine, H. Trendley Dean, akatafuta kipimo kinachofaa. Aliona kwamba miligramu 1 hivi katika lita hulinda meno bila kuyaharibu. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kutia floridi katika maji yake, na kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa baadaye kulipungua kwa zaidi ya 60 kwa mia.

Basi, kitu kile kile huharibu na hulinda. Kinachotofautisha ni kipimo.

Sisi wa Tanzania twalijua jambo hili. Sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro zina maji yenye floridi nyingi, itokayo katika mawe ya volkano. Floridi ikimezwa hupita tumboni na utumboni, ikaingia katika damu. Nyingine hutoka kwa mkojo, nyingine hukaa katika mifupa, na katika meno ya mtoto yanayoumbika bado ndani ya ufizi. Anayeinywa nyingi kila siku, miaka na miaka, hupata madoa, na hata mifupa yaweza kupinda.

Dawa ya kupakwa ni jambo jingine. Ni kidogo, hupakwa mara chache kwa mwaka, nayo hushika juu ya jino. Kinachomezwa ni kidogo mno.

Hata hivyo, tuangalie dawa ya mswaki. Mtoto chini ya miaka 3 apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema. Na ninyi mnaokaa penye floridi nyingi, kumbukeni: kuchemsha maji hakuiondoi. Maji hupungua, floridi hubaki. Maji safi ya mvua yafaa zaidi kwa mtoto. Tena mwelezeni daktari mnakoteka maji kabla hajampa mtoto dawa yoyote ya floridi.